Ziada ya Shule ni Mali ya Nani? Kodi ya Mapato na Asasi za Elimu Zisizogawana Faida

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa mjumbe wa bodi ya shule moja ya sekondari inayomilikiwa na asasi ya hisani. Sitaitaja jina. Ilikuwa wiki ya mwisho ya Novemba. Mtunza hazina alitusomea mapato na matumizi ya mwaka, akavua miwani, akasema fedha zimebaki nyingi. Wajumbe wawili watatu walianza kupiga makofi. Mhasibu aliyekaa pembeni yake akainua mkono kuwanyamazisha, akatushauri fedha zile zitumike zote kabla ya tarehe 31 Desemba, la sivyo zitatozwa kodi. Tukakuna vichwa. Mwisho wake tukapitisha mabweni yapakwe rangi. Mabweni hayohayo yalikuwa yamepakwa rangi Januari, na kuta zake zilikuwa bado zinang'aa.

Hakuna aliyeiba hata senti. Mhasibu alikuwa sahihi, nasi tulikuwa waangalifu. Kila tulichofanya kilikuwa ndani ya sheria. Ni sheria hiyo ninayotaka kuijadili hapa. Hoja yangu ni kwamba Sheria ya Kodi ya Mapato ya Tanzania, inapokutana na asasi ya elimu isiyogawana faida, huuliza swali ambalo halifichui kitu: mwisho wa mwaka kimebaki kiasi gani? Swali linalostahili kuulizwa ni jingine: nani ameondoka nacho?

Biashara ya hisani

Mtaani inasemwa kwamba asasi zisizo za kiserikali hazilipi kodi. Usemi huo una makosa mengi kuliko maneno yake. Kwanza, cheti cha usajili si msamaha wa kodi. Anayesajiliwa chini ya Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ya mwaka 2002, au anayepata hati ya bodi ya wadhamini kutoka Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini (RITA), amepata uhai wa kisheria tu. Mbele ya Mamlaka ya Mapato (TRA) bado ni mlipakodi kama wengine. Pili, mwalimu wa shule ya hisani hukatwa kodi kwenye mshahara wake sawasawa na mwalimu wa shule ya mfanyabiashara. Tatu, na hili huwashangaza hata wanasheria, sheria yenyewe haisemi kwamba mapato ya asasi ya hisani yamesamehewa.

Inasema nini basi? Kifungu cha 64 cha Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 (natumia namba kama zilivyo katika sheria ilipotungwa) kinaichukulia asasi ya hisani kuwa inafanya biashara. Biashara hiyo imepewa jina linalochekesha kidogo ukilitafakari: biashara ya hisani. Ili kuingia humo, asasi iwe mkazi wa nchi, iwe na sura ya umma, iwe imeanzishwa na inafanya kazi kwa ajili tu ya kupunguza umaskini au dhiki ya wananchi, kuendeleza elimu, au kutoa huduma kama afya, elimu, maji na barabara kwa umma. Zaidi ya hayo, iwe na uamuzi wa maandishi wa Kamishna wa kodi unaoitambua hivyo, na uamuzi huo uwe hai.

Ikishaingia, hesabu yake hufanywa hivi. Mapato yote hujumlishwa, pamoja na zawadi na michango ya wafadhili. Kisha hutolewa kiasi kilichotumika kutekeleza malengo ya hisani kwa kuwapa watu manufaa yanayostahili. Kinachobaki hupunguzwa tena kwa asilimia 25. Kinachobaki baada ya hapo hutozwa kodi kwa kiwango cha makampuni, asilimia 30.

Tuchukue shule ya kubuni yenye wanafunzi 280, kila mmoja akilipa ada ya shilingi milioni 1.5 kwa mwaka. Ada inaleta milioni 420. Wafadhili wanachangia milioni 80. Jumla milioni 500. Mishahara, chakula, umeme, vitabu na matengenezo yanakula milioni 380. Bakaa ni milioni 120. Robo yake, milioni 30, inatolewa. Milioni 90 zinatozwa kodi, na kodi yake ni milioni 27. Kwa maneno mengine, kila shilingi mia ambayo shule imeibana, 22 na nusu zinakwenda serikalini. Milioni 27 ni ada ya watoto 18 kwa mwaka mzima.

Sasa tuseme shule hii inataka maabara ya milioni 360. Bila kodi ingeweka milioni 120 kila mwaka na kujenga baada ya miaka mitatu. Kwa kodi, kila mwaka inabaki na milioni 93. Baada ya miaka mitatu ina milioni 279, na inabidi ingoje mwaka wa nne. Hapo sijahesabu bei ya saruji na nondo, ambazo hazingoji mtu.

Mtetezi wa sheria atanikatisha hapa, na ana haki. Kifungu hichohicho kinairuhusu asasi kumwomba Kamishna kibali cha kuweka akiba kwa ajili ya mradi uliofafanuliwa na wenye uzito kwa kazi yake. Maabara yetu ingeweza kupita humo. Nakubali. Lakini kibali huombwa kwa mradi, na si kila sababu ya kuweka akiba ni mradi. Machi 2020 shule zilifungwa Tanzania na Kenya kwa sababu ya korona. Kwetu zilifunguliwa kufikia mwisho wa Juni. Kenya wanafunzi wengi hawakurudi darasani hadi Januari 2021. Shule iliyotegemea karo ya muhula kulipa mishahara ya muhula ilikwama wiki ya kwanza tu. Iliyokuwa na akiba ya miezi sita iliendelea kuwalipa walimu wake. Akiba ya namna hiyo haina ramani wala makadirio ya vifaa, na haina fundi wa kuandika jina lake kwenye fomu. Inawekwa kwa ajili ya jambo lisilojulikana, na ukimpelekea afisa wa kodi jambo lisilojulikana akuandikie kibali, atakuomba ulifafanue.

Mchango nao una kisa chake. Mfadhili akituma fedha tarehe 20 Desemba, zinahesabiwa kuwa mapato ya mwaka huo. Kama hazijatumika kufikia tarehe 31, zinaingia kwenye bakaa. Ndiyo maana wahasibu wenye uzoefu huwaandikia wafadhili barua za adabu wakiwaomba watume Januari. Na mfadhili mwenyewe, kama ni mfanyabiashara wa hapa nchini, anachokitoa kwa asasi ya hisani hukatwa kwenye mapato yake yanayotozwa kodi kwa ukomo wa asilimia 2 ya mapato ya biashara yake. Ila akichangia chini ya Sheria ya Mfuko wa Elimu ya mwaka 2001, mfuko unaosimamiwa na Mamlaka ya Elimu Tanzania, ukomo huo haumhusu. Serikali inaupenda ukarimu, hasa ukarimu unaopita mikononi mwake.

Tulikoyatoa haya

Maneno "kuendeleza elimu" hayakuzaliwa Dodoma. Mwaka 1601, enzi za Malkia Elizabeth wa Kwanza, Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kuzuia ubadhirifu wa mali za hisani, na utangulizi wake ukataja shule na wanafunzi wa vyuo vikuu miongoni mwa mambo yanayostahili kusaidiwa. Kodi ya mapato ilipoanza Uingereza mwaka 1799, taasisi za hisani zikasamehewa. Hazikusamehewa bila ubishi. Mwaka 1863 Gladstone, akiwa Waziri wa Fedha, alipendekeza msamaha ufutwe. Sababu yake hadi leo haijapata jibu linalotosheleza: kumsamehe mtu kodi ni sawa na kumpa ruzuku, isipokuwa ruzuku hii Bunge haliijadili wala haliikagui. Wakuu wa taasisi walimiminika kwake kupinga, naye akaliondoa pendekezo lake. Wanaoandika leo kwamba misamaha ni matumizi ya serikali yaliyofichwa wanarudia, kwa jedwali na asilimia, hoja ya mzee yule.

Tafsiri ya neno hisani ilikuja kupatikana mwaka 1891 katika kesi ya Pemsel. Kanisa la Moravian lilidai lirudishiwe kodi iliyokatwa kwenye mapato ya ardhi iliyowekwa kwa ajili ya umisionari. Mamlaka ya kodi ilisema hisani maana yake ni kuwasaidia maskini, basi. Lord Macnaghten, kwa upande wa majaji walio wengi, alisema hisani kisheria ina mafungu manne: kupunguza umaskini, kuendeleza elimu, kuendeleza dini, na mambo mengine yenye manufaa kwa jamii. Mwaka huohuo wa 1891 wamisionari wa Moravian walifika Rungwe. Sidhani kama kuna aliyewaeleza habari za kesi ile walipokuwa wakikata miti ya kujengea. Lakini shule zilizokuja kuota Nyanda za Juu Kusini zimeishi chini ya sheria ambayo ukoo wake unarudi kwenye hukumu hiyo, na ambayo bado inayataja baadhi ya mafungu ya Macnaghten karibu neno kwa neno.

Kesi inayotuhusu zaidi ni ndogo na haitajwi sana. Brighton College ilikuwa shule ya kulipia nchini Uingereza, kampuni isiyogawa gawio kwa mtu yeyote. Ziada yake ilirudi shuleni. Miaka ya 1920 majaji wa House of Lords waliamua kwamba hata hivyo shule ile ilikuwa inafanya biashara. Kuuza masomo kwa ada ni kuuza, walisema mabwana wale, na faida haiachi kuwa faida kwa sababu imekwenda mahali pema. Bunge liliona hukumu hiyo ingezibana shule zote za hisani, na mwaka 1927 likarekebisha sheria: faida ya biashara inayofanywa katika utekelezaji wenyewe wa lengo la hisani isitozwe, mradi itumike kwa lengo hilo.

Marekebisho hayo yalivuka bahari. Kodi ya mapato ilianza Kenya mwaka 1937 na Tanganyika mwaka 1940. Kuanzia 1952 Afrika Mashariki ikawa na sheria ya pamoja ya usimamizi wa kodi hiyo. Leo, aya ya 10 ya Jedwali la Kwanza la Sheria ya Kodi ya Mapato ya Kenya inasamehe mapato ya taasisi yenye sura ya umma iliyoanzishwa kwa ajili tu ya kupunguza umaskini au dhiki, au kuendeleza dini au elimu. Kama mapato hayo ni faida ya biashara, yanasamehewa pale tu yanapotumika yote kwa lengo hilo, na biashara yenyewe iwe ni utekelezaji wa lengo, au kazi yake iwe inafanywa hasa na wanufaika, au mapato yawe ni pango la ardhi na majengo. Ukiisoma aya hiyo huku unaikumbuka Brighton College, unaona kabisa kidonda ambacho dawa yake ilitengenezewa.

Kipengele cha pango kinanigusa kwa sababu nyingine. Pwani yetu ilikuwa na taasisi ya hisani ya elimu kabla ya Macnaghten kuzaliwa. Mtu wa Lamu au Unguja aliyetaka kumlipa mwalimu wa chuo hakuchanga kila mwezi. Aliweka wakfu nyumba ya kupangisha, au shamba la minazi. Asili ya mali ikafungwa, isiuzwe wala isirithiwe. Mazao yake yakawalisha walimu na wanafunzi. Kiini cha wakfu ni akiba. Mali inayokaa ndiyo inayoihakikishia shule kwamba itafika kizazi cha tatu, hata ukarimu wa mwanzo ukiwa umesahaulika. Sheria ya Kenya, kwa kuliacha pango lisitozwe, inaweza kuuelewa mfumo huo. Sheria yetu, inayoiona bakaa ya mwaka kuwa kitu cha kutozwa, inauona wakfu kuwa asasi iliyokawia kutumia fedha zake. Na kwa kuwa kodi ya mapato ni jambo la Muungano, macho hayo yanatazama Zanzibar pia.

Tambi za chuo kikuu

Haifai kujifanya kwamba akiba ya shule haina hatari. Mwaka 1947 wahitimu wa Chuo Kikuu cha New York walikinunulia chuo chao kampuni ya kutengeneza tambi, C. F. Mueller, ili faida yake iendeshe kitivo cha sheria. Kampuni ikadai isilipe kodi kwa kuwa kila dola ilikuwa inakwenda kwenye elimu. Washindani wake, waliokuwa wakilipa kodi kwa tambi zilezile, walipiga kelele, na bungeni ikasemwa kwamba ikiachwa hivyo tambi zote za nchi zitapikwa na vyuo vikuu. Mwaka 1950 Bunge la Marekani likaweka kodi kwa biashara zisizohusiana na lengo la taasisi. Chuo hakikupata hasara kwa hilo. Mwaka 1976 kiliiuza kampuni ile kwa dola milioni 115.

Wamarekani pia wameona akiba inavyoweza kuvimba. Tangu sheria ya mwaka 2017, vyuo binafsi vyenye mifuko mikubwa ya uwekezaji hutozwa asilimia 1.4 ya mapato ya mifuko hiyo, na sheria ya mwaka 2025 imekipandisha kiwango hadi asilimia 8 kwa vyuo tajiri kuliko vyote. Mtu anaweza kusema: kumbe hata kwao akiba inatozwa. Ni kweli. Ila kwao inatozwa ya chuo chenye akiba ya mabilioni ya dola. Kwetu inatozwa ya shule inayotaka maabara.

India imechukua njia ya kati ambayo naiona inatufaa. Chini ya Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 1961, asasi ya hisani ilitakiwa kutumia asilimia 85 ya mapato yake, na asilimia 15 iliweza kuiweka bila kuulizwa na mtu. Ikitaka kuweka zaidi, ilitoa taarifa ya lengo na kupewa miaka isiyozidi mitano. Shule yetu ya kubuni, kwa kanuni hiyo, ingeweka milioni 75 bila maelezo yoyote, na milioni 45 zilizobaki kwa maelezo. Kodi yake ingekuwa sifuri. Na wasidhani wasomaji kwamba India ni walegevu: mwaka 2022 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo, katika shauri la New Noble Educational Society, ilisema neno "tu" katika kifungu cha msamaha wa elimu lina maana yake halisi, kwamba asasi inayodai msamaha huo isiwe na lengo jingine kabisa zaidi ya elimu. Milango miembamba, lakini ukishaingia ndani unaruhusiwa kuweka akiba.

Pango la mwenye shule

Nije sasa kwenye jambo ambalo hesabu ya bakaa hailioni.

Kiswahili kimetupa neno moja kwa vitu viwili. Kodi ni kile kinachokwenda serikalini, na kodi ni kile anachodai mwenye nyumba. Kuna watu wamelielewa neno hili vizuri kuliko wataalamu wa lugha. Tuchukue shule ya pili ya kubuni, ila msomaji aliyewahi kukaa kwenye bodi ataitambua sura yake. Mwanzilishi anasajili asasi ya elimu, anapata uamuzi wa Kamishna. Kiwanja na majengo yanabaki kwa jina lake mwenyewe. Asasi inapanga kwake. Mabasi ya shule ni ya shemeji yake, duka la sare ni la binti yake, na mpishi mkuu analipwa kupitia kampuni ya chakula ambayo ofisi yake ni sebule ya mwanzilishi. Mapato ni milioni 500 vilevile. Pango ni milioni 120. Mwisho wa mwaka bakaa ni sifuri.

Kwa kipimo cha kifungu cha 64 shule hii ni mfano mwema: imetumia kila senti kwa elimu. Pango linakatwa kodi ya zuio ya asilimia 10, na hata kama mwanzilishi atadaiwa zaidi baadaye kwenye ritani yake binafsi, shule yenyewe itaendelea kuonekana fukara na safi. Shule ya kwanza, iliyobana matumizi ili ijenge maabara isiyo ya mtu, imelipa milioni 27. Yaani aliyeweka kwa ajili ya watoto ametozwa, na aliyepeleka nyumbani ametajwa kwenye mahafali kama mfadhili wa elimu.

Nitaambiwa kwamba sheria inataka bei ya soko kati ya watu wenye uhusiano, na kwamba manufaa yanayotolewa lazima yawe yanastahili. Ni kweli, kanuni ipo. Lakini kanuni inayotegemea afisa mmoja kugundua kwamba "J. M. Enterprises" ni mke wa mwenyekiti hufanya kazi kwa bahati tu. Hesabu za asasi hizi hazionekani na wazazi, na mara nyingi hata mjumbe wa bodi anaziona dakika kumi kabla ya kuzipitisha.

Jirani zetu wa Uganda wameliweka jambo hili waziwazi. Sheria yao ya mwaka 1997 inaposema asasi iliyosamehewa ni ipi, inataka mambo ambayo nasi tunayataka: sura ya umma, lengo la dini, hisani au elimu, uamuzi wa maandishi wa Kamishna. Kisha inaongeza sharti ambalo naliona kuwa moyo wa jambo zima: mapato au mali ya asasi isimpe mtu yeyote manufaa binafsi, wala isiweze kumpa. Mwaka 2014 Uganda ikaondoa na msamaha uliokuwa unawafikia wanaoendesha shule kwa ajili ya biashara. Wenye shule walilalamika sana. Lakini mstari ulichorwa mahali unapostahili, kati ya anayebeba kwenda nyumbani na asiyebeba.

Marekani nayo ina silaha ambayo sijaona sababu ya kutoikopa. Tangu mwaka 1996, kiongozi wa taasisi ya hisani akijipatia malipo au mkataba unaozidi thamani halisi, yeye binafsi hutozwa asilimia 25 ya ziada hiyo. Asipoirudisha, hutozwa asilimia 200. Hapo kodi haiwaangukii wanafunzi, inamfuata aliyekula. Na ripoti ya mwaka ya taasisi, yenye mishahara ya wakubwa na mikataba na jamaa zao, iko wazi kwa yeyote anayetaka kuisoma.

Pingamizi la mama ntilie

Lipo pingamizi moja ambalo sitaki kulikwepa. Mama anayeuza wali na maharage mbele ya lango la shule hulipa kodi kila anaponunua sabuni. Mtoto wake yuko shule ya kata. Kwa nini achangie, hata kwa njia ya mzunguko, shule ambayo ada yake ni sawa na mtaji wake wote?

Uingereza imelijibu swali hili kwa miaka mingi bila kutulia. Sheria ya Hisani ya mwaka 2006 iliondoa dhana kwamba elimu yoyote ni manufaa ya umma. Mwaka 2011 baraza la rufaa likaamua kwamba shule ya kulipia lazima iwafanyie maskini jambo lenye uzito kuliko ishara tu, ila kiasi chake waamue wadhamini wenyewe. Mwisho siasa ikachoka kungoja: kuanzia Januari 2025 ada za shule binafsi zinatozwa kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 20.

Jibu la kwamba wazazi wa shule binafsi wanaipunguzia serikali mzigo nimelisikia sana, na linanisumbua. Kwa mantiki hiyo anayenunua maji ya chupa asamehewe kodi kwa kuwa hakutumia bomba. Jibu langu ni finyu zaidi. Msamaha hauhalalishwi na ada kuwa kubwa au ndogo. Unahalalishwa na mali kuwa ya umma kweli, kiasi kwamba shule ikifa leo majengo yake hayarithiwi na mtu. Na kama ni ya umma, basi umma uone: watoto wangapi wanasoma bila ada, wamechaguliwa vipi, na ni wangapi kati yao wana jina la ukoo la mjumbe wa bodi. Sipendekezi kiwango cha lazima cha ufadhili. Kikiwekwa kiwango cha asilimia 10, kitajazwa na watoto wa madereva wa mwenyekiti ifikapo Februari. Napendekeza orodha ibandikwe, bila majina ya watoto, yenye idadi na vigezo, mahali ambapo mama ntilie yule anaweza kuisoma akiwa amesimama na sufuria lake.

Mabadiliko yanayotakiwa kwenye kifungu cha 64 si mengi. Asasi iruhusiwe kuweka sehemu ya mapato yake, asilimia 15 ya jumla si kubwa, bila kuomba kibali, na zaidi ya hapo kwa taarifa ya lengo na muda. Sharti la Uganda la kuzuia manufaa binafsi liandikwe kwa maneno hayohayo. Malipo yoyote kwa mwanzilishi, mjumbe au jamaa yake yaorodheshwe kwenye hesabu zinazowekwa wazi, na yakizidi thamani ya soko, kodi imwangukie aliyelipwa. Uamuzi wa Kamishna uwe na umri unaojulikana na siku za kujibiwa zinazojulikana. Kenya wameweka miaka mitano ya uhai na siku 60 za kujibu kwa mwombaji aliyetimiza masharti.

Hayo ni ya Bunge, na Bunge lina ratiba yake. La bodi linaweza kufanyika kabla ya hapo. Mwaka wa hesabu ukiisha Desemba, ritani ya asasi inatakiwa TRA ndani ya miezi sita. Kabla hamjaitia saini, ndugu wajumbe, fungueni kurasa za matumizi, mtafute mstari wa pango, na mumuulize mtunza hazina jina lililoandikwa kwenye hati ya kiwanja.